Bakuli Kavu Chini ya Injini: Kisa cha Kuuza Stearman ya 1942

Kisa hiki kilitokea Marekani, katika jimbo mojawapo la kati. Majina, namba ya usajili na uwanja vimeondolewa, na fedha zimetajwa kwa makadirio. Kinahusu ndege moja ya zamani, lakini injini za aina yake bado zinaruka Afrika Mashariki. Aliyewahi kuona ndege ya Waco ya njano ya viti wazi ikirusha watalii kule Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, ameona injini ya jamii hii hii, na oili yake hushuka kwa njia ile ile.

## Usuli

Ndege ni Boeing-Stearman Model 75, iliyotoka kiwandani Wichita, Kansas, mwaka 1942 kwa ajili ya kufundishia marubani wa kijeshi. Ina viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Ina mabawa ya ghorofa mbili yaliyojengwa kwa mbao za spruce na kuvishwa kitambaa, na kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Petroli, lita 174 hivi, iko kwenye tangi katikati ya bawa la juu, na kipimo chake ni mrija wa kioo unaoning'inia chini ya bawa hilo. Ukitaka kujua umebakiwa na nini, unainua macho.

Injini ni Continental R-670 yenye nguvu za farasi 220. Silinda zake 7 zimepangwa duara kama spoku za baiskeli. Namba 1 iko juu kabisa, namba 4 na 5 ziko chini kabisa, vichwa vikielekea ardhini. Inakunywa lita 45 hadi 50 za petroli kwa saa.

Jambo la kuelewa kabla ya mengine yote ni oili. Haikai chini ya injini kama kwenye gari. Inakaa kwenye tangi lake la lita zipatazo 16, nyuma ya injini. Pampu moja huipeleka, nyingine huirudisha. Injini ikizimwa, kinachozuia oili isiteremke ni ubanaji wa ndani ya pampu, na ubanaji huo hulegea kwa miaka. Basi oili hushuka polepole hadi kwenye kasha la injini, hupenya kwenye ringi za pistoni za silinda za chini, na kutuama juu ya vichwa vya silinda ambavyo, kwa kuwa vimegeuzwa, vinakuwa kama vikombe.

Muuzaji aliimiliki ndege hii miaka 14. Aliruka nayo sana, kisha moyo ukamsumbua na cheti chake cha afya cha urubani hakikuhuishwa. Katika miaka miwili ya mwisho ndege iliruka saa 9 tu, mikononi mwa rafiki. Kila msimu wa baridi aliweka bakuli la alumini chini ya injini, na kila Machi alikuta humo nusu lita hivi ya oili. Hakuna aliyeona ajabu. Injini ya aina hii isiyovuja humpa fundi wasiwasi kuliko inayovuja.

Mnunuzi alikuwa rubani mwenye saa 400, zote kwenye ndege zenye gurudumu la mbele. Hakuwa amewahi kutua ndege yenye gurudumu la mkia.

## Siku ya kuonyesha ndege

Tangazo lilitoka Machi. Bei ilikuwa dola 104,000. Ukaguzi wa kila mwaka ulikuwa unaisha mwishoni mwa Aprili, na Muuzaji aliamua kuionyesha ndege kabla ya ukaguzi mpya. Sababu yake ilieleweka: ukaguzi hugharimu, na huenda mnunuzi angetaka fundi wake mwenyewe. Kwa hiyo siku ndege inatolewa hanga (banda lake), Jumamosi asubuhi, injini haikuwa imezunguka tangu Novemba.

Alikuta bakuli karibu kavu, vijiko vichache tu vya oili. Akafurahi. Alipopima tangi, kijiti kilionyesha upungufu wa lita moja na nusu. Akaongeza, akafuta tumbo la ndege kwa kitambaa, akasubiri wageni.

Hapa kulikuwa na hesabu rahisi ambayo haikufanywa. Lita moja na nusu imetoka kwenye tangi, haikuanguka kwenye bakuli, na injini haijawashwa. Imekwenda wapi?

Kabla ya kuwasha injini ya duara iliyolala, propela huzungushwa kwa mkono, magineto (vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za plagi) zikiwa zimezimwa. R-670 haina gia kati ya mhimili na propela. Mizunguko miwili kamili hupitisha kila silinda kwenye mkandamizo wake. Kwa propela ya mapanga mawili, hiyo ni mapanga manne kupita mbele yako, na wengi huenda hadi manane. Muuzaji hakuweza kwa sababu ya moyo, hivyo rafiki wa Mnunuzi, kijana mwenye nguvu, akajitolea. Muuzaji alimwambia: hesabu manane. Hakumwambia afanye nini likigoma.

Panga la tatu liligoma. Kijana akasukuma, halikwenda. Akalirudisha nyuma, akalivuta tena mbele, likapita. Akamalizia manane, akainua dole gumba. Muuzaji wakati huo alikuwa upande wa pili, akimwonyesha Mnunuzi mfumo wa breki.

Stata ya umeme ilibonyezwa. Propela ilizunguka kidogo, kukasikika kishindo kimoja kizito, ikasimama. Jaribio la pili injini iliwaka kwa wingu kubwa la moshi wa samawati, ikatetemeka kama dakika moja, kisha ikatulia. Mnunuzi alikuwa anarekodi video. Moshi ule ulimpendeza. Ndio sura ya ndege hizi anayoijua kila mtu.

Mkufunzi aliyekodiwa, mwenye saa nyingi kwenye Stearman, alifika injini ikiwa tayari inanguruma. Alikaa nyuma, Mnunuzi mbele, wakaruka dakika 35 na kutua mara tatu kwenye nyasi. Shinikizo la oili lilikuwa sawa, joto sawa, nguvu sawa. Jioni ile walikubaliana bei, na dola 5,000 zikaingia kwenye akaunti ya amana.

## Video

Jumapili Mnunuzi alimtumia Mkufunzi video. Mkufunzi aliiangalia mara mbili, akampigia Muuzaji simu. Kishindo alichokisikia hakikuwa cha injini iliyoshindwa kuwaka. Kilikuwa cha pistoni iliyogonga kimiminika. Na kwenye kona ya picha alionekana kijana akirudisha propela nyuma.

Kimiminika hakikandamiziki. Pistoni ikipanda na kukuta silinda imejaa oili, valvu zote zimefungwa, kitu kimoja lazima kikubali: ama mzunguko usimame, ama chuma kipinde. Mkono wa mtu kwa kawaida hauna nguvu ya kupinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na mhimili. Injini inayowaka inayo, kwa sababu silinda nyingine zinasukuma mhimili huku moja ikikataa.

Kurudisha propela nyuma ndiko kulikoharibu. Likirudi nyuma, pistoni hupanda tena huku valvu ya kuingizia ikiwa wazi, na oili husukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa. Silinda inabaki tupu, propela linapita laini, mtu anadhani amesafisha. Kuzungusha kwa mkono hakuna mvuto wa kutosha kuinyonya ile oili irudi, kwa hiyo hata mapanga ishirini yangepita bila kugoma. Stata inapozungusha kwa kasi na silinda mbili tatu zikawaka, mvuto unakuja, oili yote inarudi kwa mkupuo.

Muuzaji sasa alikuwa na njia mbili. Ndege imeruka dakika 35 bila kasoro, amana imeshalipwa, na mkataba ulisema ndege inauzwa ilivyo. Au amweleze Mnunuzi. Alimpigia simu jioni ile ile, akamwambia kilichotokea na kwamba ndege haitaruka tena hadi injini ifunguliwe. Uamuzi huu ndio ulioamua kila kilichofuata, na aliufanya kabla hajajua gharama yake.

## Kufungua silinda namba 5

Fundi wa Mnunuzi alikuja na kipimo cha mkandamizo. Unaingiza hewa ya shinikizo la pauni 80 kwa inchi ya mraba kwenye silinda na kuangalia inabaki ngapi. Silinda zote saba zilitoa kati ya 70 na 76. Mnunuzi alitaka kuishia hapo.

Fundi alikataa, na alikuwa sahihi. Kipimo hicho hupima ringi na valvu. Konrodi iliyopinda haibadilishi ringi wala valvu. Inapunguza tu urefu ambao pistoni inafikia, na inaifanya isimame kwa mshazari kidogo. Kuingiza kijiti cha kupimia kupitia tundu la plagi na kulinganisha kimo cha pistoni husaidia, lakini si jibu kamili: kwenye injini ya duara konrodi moja ni kuu na sita zimeshikizwa kwake, hivyo vimo vya silinda mbalimbali havilingani hata injini ikiwa nzima.

Walitoa plagi za mbele za silinda 3, 4, 5 na 6. Plagi ya namba 5 ilikuwa nyeusi, imelowa. Wakafungua bomba la kuingizia la silinda hiyo, na ndani ukuta wote ulikuwa na utando mzito wa oili. Ndipo silinda ikavuliwa. Upande mmoja wa sketi ya pistoni (ukuta wake wa pembeni) ulikuwa umeng'aa kwa msuguano kuanzia juu hadi chini, upande wa pili bado una rangi ya kijivu. Fundi alipitisha pini kwenye bushi ya konrodi na kuweka rula juu yake. Pini ilikaa mshazari kuonekana kwa macho. Namba 4 ilikuwa nzima.

Konrodi ya hivyo inaweza kuzunguka saa moja au saa arobaini. Inapokatika hutoboa kasha la injini, na rubani hutafuta shamba la kutua.

## Makaratasi

Wakati injini iko mezani, dalali aliagiza upekuzi wa umiliki kwenye rejesta ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyoko Oklahoma City. Ilitoka rehani ya benki iliyosajiliwa na mmiliki wa nyuma miaka ya 1990. Deni lilikuwa limelipwa zamani, lakini hakuna aliyewasilisha hati ya kuifuta. Benki yenyewe ilikuwa imeshaunganishwa na nyingine. Kupata hati hiyo kulichukua wiki tano za barua na simu. Muuzaji mwenyewe alinunua miaka 14 iliyopita bila kufanya upekuzi, kwa hiyo aliruka muda wote huo kwenye ndege ambayo kwenye rejesta ilikuwa bado na mwenye madai.

La pili lilikuwa dogo kwa karatasi na kubwa kwa maana. Stata ya umeme haikuwamo kwenye fomu yoyote ya 337, ambayo ndiyo hurekodi matengenezo na mabadiliko makubwa. Ndege hizi zilitoka vitani na stata ya kuzungusha kwa mkono. Nyingi zimewekewa ya umeme baadaye. Kwa kuwa ufungaji haukurekodiwa, hakuna aliyejua kama klachi ya stata, ambayo kazi yake ni kuteleza injini ikigoma, iliwahi kurekebishwa. Ilipopimwa kwenye karakana ilikuwa imekazwa kupita kiasi.

## Mazoezi ya Mnunuzi

Bima ilidai saa 10 za mafunzo kwenye aina hii ya ndege kabla hajaruka peke yake, na sheria ilidai aidhinishwe kwa ndege za gurudumu la mkia. Aliutumia muda wa matengenezo kwa hayo, kwenye Stearman ya mtu mwingine, akafanya saa 12.

Ugumu uko ardhini. Kituo cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukishaanza kuyumba upande mmoja hutaka kuendelea, hadi unampita mbele rubani na ndege inajizungusha. Kwenye Stearman magurudumu yamekaribiana na ndege ni ndefu kwenda juu, basi ncha ya bawa la chini hugusa ardhi upesi. Mbele huoni kitu. Pua imeziba njia. Ukitembea ardhini unapinda kushoto na kulia ili uone pembeni mwa injini. Ukitua unatazama kingo zote mbili za njia, na miguu haitulii kwenye pedali hadi ndege isimame kabisa.

Saa tatu za kwanza Mkufunzi alimweka kwenye nyasi, kwa sababu nyasi hukubali gurudumu liteleze kidogo. Kwenye lami gurudumu linashika pale pale, na kosa dogo la miguu linakuwa kubwa. Kutua kwake kwa kwanza kwenye lami, akiwa na upepo wa ubavu wa noti 6 tu (kama kilomita 11 kwa saa), aliondoa miguu baada ya magurudumu kugusa, kama alivyozoea kwenye ndege ya gurudumu la mbele. Mkufunzi aliikamata. Walirudi kwenye nyasi kwa saa mbili zaidi.

## Malipo na matokeo

Injini ilipelekwa kwenye karakana ya injini za duara. Konrodi ilibadilishwa, nyingine zote zikapimwa, mhimili ukaangaliwa kama umepinda, pampu ya oili ikafanyiwa kazi, klachi ya stata ikarekebishwa, na mabomba ya kuingizia ya silinda za chini yakawekewa vizibo vya kutolea oili. Gharama ilifika takriban dola 14,000. Muuzaji alilipa yote. Mnunuzi hakushusha bei na hakuomba arudishiwe amana yake. Fomu ya stata iliandaliwa na fundi mwenye mamlaka, ukaguzi wa mwaka ukafanywa upya, hati ya mauzo ikasainiwa Septemba. Miezi sita tangu ile Jumamosi.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa la kijana. Aliyeshika propela hakuelezwa, na mtu asiyeelezwa hufanya linaloonekana la busara. Kauli ya kumwambia ni fupi: likigoma, liache lilipo, usilisukume, usilirudishe, niite. Kisha plagi moja ya kila silinda ya chini inatolewa, oili inachuruzika, propela linazungushwa mbele hadi hakuna kinachotoka, na vizibo vya mabomba ya kuingizia vinafunguliwa. Kwa asiye na vizibo, mabomba yenyewe yafunguliwe. Kazi nzima haifiki saa moja.

Lakini kosa lenye uzito zaidi lilitangulia, nalo ni kusoma bakuli peke yake. Bakuli na kijiti cha tangi husomwa pamoja. Kilichopungua kwenye tangi kikilingana na kilichomo kwenye bakuli, oili imetoka nje. Bakuli likiwa kavu na tangi limepungua, oili imo ndani ya injini. Muuzaji alikuwa na namba zote mbili mkononi dakika ishirini kabla ya wageni kufika. Kwa maoni yetu, haraka ya kupendezesha ndege ndiyo iliyomziba: aliyekuja kutazama ndege asikute oili sakafuni. Kumbe oili sakafuni ingekuwa heri.

Kuionyesha ndege kabla ya ukaguzi kuliokoa dola mia kadhaa na kuiondolea ndege nafasi ya kuwashwa kwanza na fundi, plagi zikiwa nje, bila hadhira. Ndege iliyolala miezi minne isiwashwe kwa mara ya kwanza mbele ya mnunuzi.

Kuna wanaoweka bilula kwenye bomba la oili ili kufunga tangi ndege ikilala. Inafanya kazi. Ila siku mtu akisahau kuifungua, injini inakufa kabisa kwa kukosa oili, na hiyo ni hasara kubwa kuliko konrodi moja. Tungeikubali pale tu inapounganishwa na swichi ya magineto isiyoruhusu moto kuwaka bilula ikiwa imefungwa. Kilicho salama zaidi ni kuzima vizuri: acha injini izunguke polepole, mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, kwa dakika moja ili pampu ya kurudisha iondoe oili kwenye kasha, ndipo ukate mchanganyiko wa petroli.

Kilichofanya kazi ni video, simu ya Mkufunzi, na fundi aliyekataa kuridhika na namba nzuri. Ukaguzi wa kununua wa kawaida ungeipitisha ndege hii. Wakaguzi wengi hutumia muda kwenye kitambaa, mizizi ya mabawa (yanapoungana na mwili), mashimo ya bolti yaliyotanuka, kutu ya mabomba ya chini karibu na mkia ambako maji hutuama, na ni haki yao kufanya hivyo. Lakini swali la kwanza kwa mwenye injini ya duara liwe: iliwashwa lini mara ya mwisho, na nani alishika propela?

Upekuzi wa umiliki ungefanywa Januari, kabla ya tangazo, wiki tano zile zisingemgharimu mtu chochote. Hapa bahati ilisaidia tu: injini ilichelewa kuliko benki.

Tangu Septemba mmiliki mpya ameweka daftari ukutani mwa hanga lenye safu tatu: kijiti cha tangi, bakuli, na plagi za chini. Mwishoni mwa msimu wake wa kwanza wa baridi tangi lilikuwa limepungua robo tatu ya lita na bakuli lilikuwa na nusu lita. Alitoa plagi za silinda 4 na 5 kabla ya kugusa propela. Namba 4 ilitoa matone. Namba 5 ilijaza kikombe cha chai hadi nusu.